Vifaranga Utanunua Wapi? Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Kuku Wachache wa Uani

Simu huanza hivi: "Kaka, vifaranga wangu wanakufa, niwape dawa gani?" Nikiuliza wana siku ngapi, naambiwa nne, au sita. Nikiuliza walitoka wapi, kimya kidogo, halafu: "Kuna jamaa alikuwa anapita nao mtaani, bei yake ilikuwa nzuri." Nimeipokea simu hii mara nyingi mno, sasa nimeona niandike jibu moja refu nimalize. Kifaranga anayekufa kwa sababu ya alikotoka, dawa yake mara nyingi haipo dukani. Ilikuwa siku ile ya kununua.

Mwongozo huu unamhusu mtu wa Tanzania anayetaka kuku 20 hadi 100 nyuma ya nyumba, na unashughulika na uamuzi mmoja tu: anunue vifaranga kwa nani. Malezi nitayagusa pale tu yanapokusaidia kujua kama uliyemchagua alikuuzia mali nzima.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja ambalo hatua zote zitalirudia. Kifaranga wa siku moja hupewa na mama yake vitu vitatu: mbegu, kinga ya siku za mwanzo na, mama akiwa mgonjwa, ugonjwa. Pulorum, ule ugonjwa wa kuharisha kinyesi cheupe, hupita ndani ya yai. Homa ya matumbo ya kuku nayo hupita humo humo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo utakachokiona ukifungua boksi. Unachonunua hasa ni mama ambaye hujawahi kumwona, kwa hiyo maswali yako mengi yawe juu yake.

## Mahitaji kabla ya kupiga simu ya kwanza

- Daftari na kalamu. Bei, tarehe na majibu ya wauzaji usiviweke kichwani.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Ukiikosa, ulizia ofisi ya mtendaji.
- Sehemu ya kulelea iliyokwisha kusafishwa na kukauka. Mita moja ya mraba inatosha vifaranga 40 hadi 50 kwa wiki ya kwanza.
- Chanzo cha joto: taa za umeme, jiko la mkaa au vyungu. Kama ni mkaa, hewa ipite. Moshi wake umeua vifaranga wengi kuliko paka.
- Kipima joto, na kining'inizwe usawa wa mgongo wa kifaranga. Joto la darini halikuhusu.
- Maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu au vinne.
- Vyombo vya maji na vya chakula, na mfuko wa chakula cha kuanzia (stata) ambao haujakaa dukani miezi.
- Fedha ya kuwalisha hadi watakapoanza kukulisha wewe. Kwa chotara, yaani kuku aliyechanganywa mbegu, hesabu miezi mitano au sita kabla ya yai la kwanza.

Vitu hivi vinatangulia kwa sababu muuzaji mzuri hutoa vifaranga kwa siku maalumu, na siku hiyo ikifika hatakusubiri umalize kupiga misumari.

## Hatua ya 1: Amua unamtaka kuku gani

Wengi huanza kwa kutafuta muuzaji, kisha wanachukua alichonacho. Geuza mpangilio huo.

Unataka mayai tu ya kuuza? Chukua kuku wa mayai wa kisasa. Akitunzwa vizuri hukaribia mayai 300 kwa mwaka, lakini hula chakula cha dukani kila siku na hana habari ya kujitafutia. Vifaranga wake huuzwa wakiwa wamechaguliwa, yaani mitetea peke yake.

Unataka nyama kwa haraka? Kuku wa nyama, wiki tano hadi sita unauza. Huyu ni mradi wa kuingia na kutoka, si kuku wa kuachiwa uani.

Unataka mayai ya nyumbani na jogoo wa sikukuu? Hapa ndipo chotara wanapopendwa: Kuroiler aliyeanzia India, na Sasso wa Ufaransa. Hukua haraka kuliko wa kienyeji, hutaga takriban mayai 150 kwa mwaka na hudonoa majani na mabaki. Ila kwa kawaida hawaatamii.

Unataka kundi lijizalishe lenyewe? Rudi kwa kienyeji: Kuchi mwenye mwili mkubwa, Horasi, Singamagazi, Ching'wekwe mdogo mwenye nguvu, au mchanganyiko wowote wa kwenu. Mayai ni machache, 40 hadi 60 kwa mwaka kwa kuku wa kujitafutia, lakini ataatamia, atalea, na utasahau habari za mashine ya kutotolesha.

Tahadhari inayowauma wengi: chotara huuzwa bila kuchaguliwa jinsia. Ukichukua 50, karibu nusu watakuwa majogoo. Hapo muuzaji hajakudanganya, maana ndivyo wanavyototolewa. Panga mapema majogoo hao wataenda wapi. Mimi hununua mwezi wa nane, ili majogoo wawe na miezi minne hadi karibu mitano Krismasi inapogonga hodi na bei inapopanda.

*Umefanikiwa kama:* unaweza kuandika sentensi moja daftarini, mfano, "Chotara 50, siku moja, wiki ya pili ya Agosti, kwa mayai ya nyumbani na majogoo ya kuuza."

## Hatua ya 2: Ijue milango mitano ya kununulia

Kituo kikubwa cha kutotolesha. Hiki kina kuku wazazi wake, au kinapata mayai kwenye mashamba ya wazazi yanayojulikana. Wazazi hupimwa na kuchanjwa, na kifaranga hudungwa chanjo ya Mareksi siku ileile aliyototolewa. Chanjo hiyo ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: hutolewa siku ya kwanza, na kifaranga akishafika kwako umechelewa. Ugonjwa wenyewe hujitokeza baadaye, kuku anaanza kupooza miguu akiwa karibu kutaga, wakati umeshamlisha miezi. Ubaya wa kituo kikubwa ni foleni, na mara nyingi huuza kwa boksi zima la vifaranga 100.

Dawa ya boksi zima ni majirani. Boksi la vifaranga kwa kawaida lina vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25. Utadhani aliyelibuni aliwafikiria majirani wanne. Changeni, agizeni pamoja, na chanjo zenu zitaangukia siku moja. Faida hiyo ya pili ndiyo kubwa zaidi, maana chupa ya chanjo ina dozi 100 au zaidi, na ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa mbili hivi. Mwenye kuku 25 peke yake humwaga robo tatu ya chanjo au, kwa uchungu wa kumwaga, hachanji kabisa.

Wakala. Anaagiza kituoni kwa jina lake na kukugawia idadi unayoitaka. Wakala mwaminifu ni msaada mkubwa mikoani. Tatizo ni yule anayejaza pengo: kituo kikimpunguzia boksi, anachukua mengine kwa mwenye mashine wa jirani na kuchanganya. Dalili yake ni hii: ana kila aina, kila siku, kwa idadi yoyote. Vituo hutotoa kwa siku zao, hakuna anayetotoa Kuroiler kila asubuhi kama maandazi.

Mwenye mashine wa mtaani. Sitaki kumtukana, wengine ni mafundi hodari na ndio waliotufundisha. Lakini uliza mayai yake yanatoka wapi. Wengi hununua mayai ya watu mbalimbali, kila mmoja na banda lake na ugonjwa wake, yote yakaingia mashine moja. Na hata kama yote ni ya chotara, watoto wanaozaliwa na chotara kwa chotara hawamfuati mzazi: wengine wakubwa, wengine wadogo, rangi saba, mayai yamepungua. Wanaitwa Kuroiler hivyo hivyo na bei ni ya Kuroiler. Kwa mwenye mashine anayetotolesha mayai ya kienyeji ya kundi lake mwenyewe, lililochanjwa, mimi ningenunua bila wasiwasi.

Mlezi wa vifaranga. Huyu huchukua vifaranga wa siku moja kituoni, akawalea na kuwachanja, akauza wakiwa na wiki nne. Kama hujawahi kulea kifaranga, umeme wenu unakatika kila siku, au unatoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi usiku, huu ndio mlango wako. Utaona bei na kushtuka. Subiri Hatua ya 5.

Mnadani, gulioni au kwa jamaa kijijini. Kwa kienyeji, kwa jamaa unayemjua ni pazuri sana: nunua tetea na vifaranga wake, au omba mayai 10 hadi 13 umpe kuku wako anayeatamia, na siku 21 baadaye umemaliza. Mnadani ni habari nyingine. Kuku wa vijiji kumi wamelala tenga moja, na mdondo (wengine huuita kideri) husafiri humo bila nauli, hasa wakati wa kiangazi. Ukilazimika, watenge na kuku wako wa zamani kwa wiki tatu angalau, na vyombo vyao vya maji viwe mbali.

Kuna mlango wa sita ambao naomba uufunge: kuvusha vifaranga mpakani kwa njia za panya kwa sababu ng'ambo ni bei rahisi. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walikamatwa na kuchomwa moto pale Namanga, na sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya mafua ya ndege. Msomaji wa Kenya naye ana vyanzo vya kwao, kama kituo cha utafiti cha KALRO kule Naivasha chenye kienyeji walioboreshwa. Kila mtu anunue upande wake.

*Umefanikiwa kama:* una majina matatu daftarini, angalau mawili ya milango tofauti, na afisa mifugo ameulizwa kama anavifahamu vituo hivyo. Jibu lake la nusu dakika lina thamani kuliko picha mia za mtandaoni.

## Hatua ya 3: Piga simu na maswali haya

Uliza kwa upole, usiwe polisi. Andika jibu kama lilivyosemwa.

"Kuku wazazi ni wa nani, na wako wapi?" Jibu zuri lina mahali ndani yake. "Tunao wenyewe", au "mayai tunachukua shamba fulani". Jibu baya ni "mbegu ni safi kabisa bosi wangu".

"Mayai yaliingia mashine tarehe ngapi?" Hili ndilo swali ninalolipenda. Yai la kuku huchukua siku 21. Akikwambia yaliingia tarehe 3, vifaranga ni tarehe 24. Akiahidi tarehe 20, ama hajui kazi, ama vifaranga si wake. Wakala mkweli atasema, "Ngoja niulize kituoni nikupigie." Hilo nalo ni jibu zuri.

"Wamepewa chanjo gani kabla ya kutoka?" Unataka kusikia Mareksi kwa kuku wa mayai na chotara. Baadhi ya vituo hutoa na nyingine siku hiyohiyo. Mwombe akuandikie, maana ratiba yako itaanzia hapo. Inayotumika sana kwetu ni mdondo siku ya 7, gumboro (ugonjwa unaovunja kinga ya kuku wachanga) siku ya 14, kurudia mdondo siku ya 21 na gumboro siku ya 28, kisha ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Afisa mifugo ataisawazisha kwa eneo lako.

"Ni mitetea watupu au mchanganyiko?" Akisema chotara wa siku moja wote ni mitetea, muulize wamechaguliwaje. Kisha sikiliza.

"Mnaongeza wangapi, na wakifa njiani inakuwaje?" Vituo vingi huongeza vifaranga wawili kwa kila mia. Kuhusu vifo, kila muuzaji ana utaratibu wake. Unachotaka ni utaratibu uliotamkwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

"Naweza kupata mteja mmoja aliyechukua kwako miezi mitatu iliyopita?" Miezi mitatu, si wiki iliyopita. Wa wiki iliyopita bado anafurahi.

Tahadhari juu ya bei ya kutupa: kwa kuku wa mayai wa kahawia, vifaranga dume huwa na manyoya ya njano iliyofifia na kituo hakiwahitaji. Ukikuta vifaranga wa rangi hiyo moja wanauzwa nusu bei kama "chotara weupe" au kuku wa nyama, huenda ndio hao. Watakula sawasawa na wenzao, na miezi miwili baadaye utakuwa bado unawatazama mifupa.

*Umefanikiwa kama:* ukisoma daftari unaona muuzaji mmoja ana majibu yenye tarehe, mahali na majina, na mwingine ana "usijali".

## Hatua ya 4: Nenda ukaone, ukiweza

Usitegemee kuingizwa chumba cha mashine. Kituo kinachokuzuia mlangoni kinalinda vifaranga wako. Kinachopaswa kukutia shaka ni kile kinachokupitisha kila mahali na viatu ulivyotoka navyo bandani.

Tazama mambo madogo. Kuna dawa ya kukanyaga mlangoni? Maboksi ni mapya, au ni yaleyale yenye kinyesi cha safari iliyopita? Pananuka mayai yaliyooza? Kama ana kuku wazazi hapo, simama mbali uwaangalie: wamechangamka, au wameshusha mabawa?

Nenda asubuhi, umevaa nguo safi, kituo kimoja kwa siku. Ukizunguka vituo vitatu na viatu vilevile, wewe ndiye utakuwa basi la ugonjwa.

Kama muuzaji yuko mkoa mwingine, mwombe akupigie kwa video akiwa mbele ya mashine. Picha zilizotumwa zinaweza kuwa za mtu yeyote. Mwaka mmoja niliwahi kutumiwa picha ya banda zuri sana, nikaja kuiona tena kwa muuzaji mwingine, na safari hiyo ilikuwa na theluji nyuma.

*Umefanikiwa kama:* umeona, kwa macho au kwa video, mahali vifaranga wako watakapototolewa.

## Hatua ya 5: Hesabu bei ya kifaranga aliye hai wiki ya nne

Hapa ndipo watu hupotea, kwa kulinganisha bei za siku ya kwanza. Bei zinabadilika kila msimu, kwa hiyo chukua takwimu hizi kama mfano, kisha uweke za kwenu.

Tuseme unanunua 50.

Kituoni: vifaranga kwa 1,800 ni 90,000. Usafiri 10,000. Chakula cha wiki nne, kilo moja hivi kila mmoja, 75,000. Chanjo na mkaa 35,000. Jumla 210,000. Wakibaki 46, kila mmoja amekugharimu 4,565.

Kwa muuzaji wa bei rahisi: vifaranga kwa 1,200 ni 60,000. Usafiri hakuna. Chakula 60,000, maana walaji wamepungua. Chanjo, mkaa na dawa za kuhangaika 50,000. Jumla 170,000. Wakibaki 28, kila mmoja ni 6,071.

Kwa mlezi: wa wiki nne kwa 5,500, chanjo za mwanzo tayari, unawaona wanatembea.

Kwa hiyo yule wa bei ya kushtua ni nafuu kuliko yule wa bei ya kuvutia, na anapitwa na kituo kwa shilingi chini ya elfu moja tu, ambayo ni malipo ya usingizi wako wa wiki nne. Kwa mara ya kwanza, mimi humshauri mtu achukue 20 wa mwezi mmoja kuliko 50 wa siku moja. Wengi hawanisikilizi. Wananipigia baadaye.

*Umefanikiwa kama:* una takwimu moja kwa kila muuzaji, na umeweka vifo ndani ya hesabu badala ya kuomba visitokee.

## Hatua ya 6: Agiza na kulipa

Malipo ya awali ni kawaida, hasa miezi ambayo vifaranga huadimika. Lakini lipa sehemu, si yote, na lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara au namba ambayo jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha ndilo jina unalolijua. Likitokea jina la mtu mwingine na ukaambiwa "huyo ni mhasibu wetu", acha. Sote tumewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wauza vifaranga hewa ni watoto wa ukoo huohuo.

Mtumie ujumbe wa maandishi wenye aina, idadi, nyongeza, chanjo, bei, tarehe na namna ya kufikishiwa, naye ajibu "sawa". Omba risiti yenye tarehe ya kutotolewa. Kama vifaranga watavuka wilaya au mkoa, muulize afisa mifugo juu ya kibali cha kusafirisha. Muuzaji mzoefu hukishughulikia mwenyewe.

*Umefanikiwa kama:* mtu mwingine wa nyumbani kwako akisoma simu yako anaweza kwenda kupokea mzigo bila kukuuliza kitu.

## Hatua ya 7: Kagua boksi kabla ya kusema asante

Kifaranga hutotolewa akiwa na mabaki ya kiini tumboni yanayoweza kumshikilia hadi saa 72 bila kula wala kunywa. Ndiyo maana anaweza kusafiri. Ndiyo maana pia muuzaji mbaya anaweza kukuuzia wa juzi kama wa leo.

Fungua, simama kimya nusu dakika, usikilize. Sauti ya kutulia na kuchezacheza ni njema. Kelele kali za pamoja ni baridi, njaa au kiu. Kimya na midomo wazi ni joto.

Chukua kumi, kutoka vyumba vyote vinne, si wale wa juu uliowekewa. Kwa kila mmoja:

- Mgeuze chali mkononi au mezani. Mzima hujigeuza ndani ya sekunde tatu hivi.
- Kitovu. Kimefunga, kikavu. Ukiona kidonge cheusi, uzi au unyevu, maambukizi ya kiini yanakuja, na hao hufa wiki ya kwanza.
- Nyuma. Pasiwe na kinyesi cheupe kilichogandamana.
- Miguu. Inang'aa, imejaa. Mikavu, myembamba, yenye mishipa iliyojitokeza ni ya kifaranga aliyekaa siku nyingi bila maji. Visigino vyekundu ni vya aliyehangaika kutoka ndani ya yai.
- Ncha ya mdomo. Kifaranga mpya bado ana kijino cheupe alichotobolea yai, ambacho huanguka siku za mwanzo. Kama wote kumi hawana na manyoya ya bawa yamerefuka, si wa leo.
- Macho, mdomo, vidole. Angavu, umenyooka, vimenyooka.

Mmoja mwenye kasoro kati ya kumi, mtenge na uendelee. Wakiwa watatu, usiwachukue. Najua ulivyosafiri na nauli uliyolipa, lakini hapo ndipo ulipo na nguvu. Ukishafika nyumbani nguvu zimebaki kwa muuzaji.

*Umefanikiwa kama:* umekagua mbele ya muuzaji, umehesabu, na idadi imeandikwa kwenye risiti.

## Hatua ya 8: Safari

Safiri usiku au alfajiri. Kwa mabasi ya mikoani, kubaliana na kondakta mapema boksi likae wapi. Buti lililofungwa na mahali juu ya injini ni makaburi. Ndani, sakafuni, penye hewa na pasipo jua la dirishani, ndipo pake. Usipange boksi juu ya boksi bila nafasi ya hewa katikati, wala usiweke begi juu. Maji njiani hayahitajiki, yatawalowanisha tu.

Uwe stendi kabla ya basi. Piga picha ya boksi likiwa limefungwa, kisha likifunguliwa. Waliokufa wahesabiwe hapohapo na picha itumwe kwa muuzaji saa ileile, si jioni.

*Umefanikiwa kama:* waliokufa njiani hawazidi mmoja au wawili kwa mia.

## Hatua ya 9: Siku 14 za kumpima muuzaji

Nyumbani, sehemu iwe na joto la nyuzi 32 hadi 35 kabla hawajaingia. Maji ya uvuguvugu kwanza, kijiko kimoja cha sukari kwa lita, chovya midomo ya wachache wengine wataiga. Chakula kimwagwe juu ya karatasi ngumu isiyoteleza. Gazeti laini huwapasua miguu.

Baada ya saa nane hadi kumi na mbili, papasa vifuko vya shingoni vya vifaranga kumi. Wanane au zaidi wawe wamejaa na laini kama uji mzito. Kesho yake karibu wote. Vikiwa vitupu, tafuta kosa bandani kwako kwanza, hasa joto na maji, kabla ya kumlaumu mtu.

Kisha andika vifo kila jioni, na usome tarehe zake:

Siku ya 1 hadi ya 3, wenye matumbo makubwa na vitovu vibichi: swali ni la kituo, au la safari.

Siku ya 3 hadi ya 5, waliokonda na vifuko vitupu: hawakuwahi kula. Kiini kimeisha. Mara nyingi ni bruda lako, yaani sehemu yako ya kulelea, isipokuwa waliletwa wakiwa wamechelewa.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu, kinyesi cheupe kinaganda nyuma, wanakusanyika na kulia: fikiria pulorum, na mama. Mpeleke mmoja aliyekufa karibuni kwa daktari wa mifugo akampasue, usianze kuchanganya dawa tatu.

Wiki ya tatu kuendelea, kuhara damu au vifo vya ghafla: hapo muuzaji wa siku ya kwanza anaanza kutoka kwenye hesabu, na maranda yako na chanjo zako zinaingia.

Kundi zuri lililopokelewa vizuri hupoteza mmoja kwa mia wiki ya kwanza, au wawili. Ikifika watatu au zaidi, mpigie muuzaji ukiwa na tarehe, idadi na picha. Mwenye biashara yake atauliza maswali, pengine atakutajia namba ya kundi na kukwambia kama wengine wamelalamika. Jibu lake andika karibu na jina lake, ukurasa uleule ulioandika majibu ya simu ya kwanza, ili mwakani utakapotaka 50 wengine uanze na ukurasa huo.